Tunakuja Kupima, Bure

"Mama Ganza," Mukandori alimuuliza siku moja, beseni ya sambaza, vidagaa vya ziwani, ameitua mlangoni pa karakana, "mutu akikuja kuangalia sanduku ya maiti, akaigusa-gusa, akaenda zake bila kununua, we unamusindikizaka na maneno gani? Mi kwa sambaza zangu namwambia, kesho ukuje tena. We unasemaka nini?"

Lilikuwa swali la utani, la jirani aliyechoka kuzunguka na beseni. Lakini Mukabera, ambaye mtaa wote wa Nengo unamwita Mama Ganza kwa jina la binti yake aliyeolewa Kigali, hakucheka. Alijibu kwamba husemi kitu. Unaangalia chini, unasema pole, basi. Mume wake Viateur, aliyekuwa bado hai siku zile, aliacha randa yake akaongezea. Muuza jeneza hasemi karibu tena. Hamuulizi mteja ni nani anayeumwa. Wakikutana kesho yake kwenye foleni ya mpakani, Petite Barrière, anamsalimu kama mtu asiyemjua vizuri.

"Watu njo banatufuataka," Viateur alisema. "Sisi hatufuatake mutu."

Sasa Viateur yuko chini ya ardhi mwaka wa nne, ndani ya sanduku alilojitengenezea mwenyewe, na karakana imebaki kwa mjane na mafundi wawili. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu karakana ile imesimama kwenye kona ya kiwanja cha mtu. Mzee Sebagabo, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Congo na magunia yake na Mungu wake, alimpa Viateur kona hiyo kwa mdomo tu, jioni moja baada ya ibada, wakapeana mikono, yakaisha. Mikono haisomeki. Mzee ameanza kuumwa moyo, na mwanawe wa pekee, Karangwa, amekuwa akipita pale na kupima kona kwa hatua zake, moja, mbili, tatu, kama mtu anayetembea tu.

Mwaka mzima mchungaji alimsihi Karangwa. Karatasi ilikwisha andikwa: kona ni ya Mukabera. Katibu wa kagari, serikali ya mtaa, alisema ataipokea ikiwa na majina matatu, la Mzee, la Mukabera, na la mrithi. Bila la mrithi, asiletewe. Mwishowe Karangwa alikubali. Jumamosi, alisema, saa tisa, nyumbani kwa Mzee. Mukabera alihesabu siku zilizobaki, zikawa sita.

Ilikuwa katika siku hizo sita kwamba Mwiza alikuja na habari ya tagi.

Lazima isemwe kwanza kwamba Mukabera alikuwa na blogu. Ilianza kwa kilio. Baada ya msiba wake alikuwa haachi kwenda kwenye ikiriyo cha mtu yeyote, kukaa na wafiwa mikesha yote, na kila mahali alitoa maneno ya faraja mpaka wanawake wa kikundi cha maombi wakasema, kwa upendo, kwamba sasa wanayajua kwa moyo. Ganza akamfungulia ukurasa kwenye simu: andika huko, Mama. Shule yake iliishia darasa la sita, mkono wake ni wa pole, lakini kila alfajiri aliandika. Namna ya kukaa na mfiwa bila kumchosha. Kwa nini usimwambie mtu jikaze kabla hajalia. Aliandika kwa Kiswahili ili na wale wa ng'ambo, Goma, wasome. Chini ya maneno, bila bei na bila kelele, ziliwekwa picha za masanduku.

Mwiza ni mwanamke wa kwaya, sauti ya pili, amekulia Uganda, na kazi yake ni kutangaza hoteli za kando ya ziwa kwenye mitandao. Alikaa kwenye benchi la karakana, akapangusa vumbi la mbao kwenye sketi, akafungua kompyuta.

"Mama, watu mia tisa mwezi huu. Wanakuja, wanasoma, wanalia, wanaenda. Walionunua ni zero."

"Kulia ni bure," Mukabera alisema.

"Hata kwa hoteli ni hivyo. Mtu anaangalia chumba, anafunga simu, anasahau. Ndiyo tunaweka tagi. Ni kamstari kadogo ka maandishi, hakaonekani, kanakaa ndani ya blogu. Mtu akifungua, kanamshika. Akienda kusoma habari, akienda kusikiliza nyimbo, tangazo lako linamtokea huko huko. Na si tangazo lolote, ni lile lile jeneza alilolitazama."

Mukabera alifikiri. Akilini aliona kishonanguo, mmea ule wa kando ya njia: unapita tu na mambo yako, unafika kanisani umebeba mbegu zake kwenye pindo la gauni, na hujui ulizitoa shamba la nani.

"Na mutu anajua kama amebeba?"

"Kuna kisanduku kinatokea, kinamuuliza kama anakubali. Wote wanakubali."

"Banasoma?"

"Hakuna anayesoma, Mama."

Hilo halikumshangaza. Amehudhuria harusi nyingi, ameona maharusi wanavyoitikia yote wanayoulizwa ili watu waende kula.

Tatizo lilikuwa moja. Mashine ya kampuni ya matangazo ilikataa neno jeneza. Ilisema mambo ya kifo yanaumiza hisia za watu. Mwiza hakuhangaika. Aliandika upya: *Kazi safi ya mbao. Bado unafikiria? Tunakuja kupima nyumbani, bure.* Picha aliiacha ile ile, na mashine ikaipitisha, labda iliona ni kabati limelala.

"Kupima nyumbani," Mukabera alisema. "Nani anapimwa nyumbani?"

"Ndivyo watu wa makabati wanavyoandika. Trust me, Mama. Kitu kimoja tu: wewe mwenyewe usifungue-fungue hiyo blogu kwa simu yako, itakuhesabu na wewe. Next week nitakuondoa kwenye orodha."

Mukabera aliitikia. Kesho yake alfajiri alifungua blogu, kwa sababu ndimo anamoandikia neno la siku, na kutwa akaifungua mara nne, kuona kama tagi inafanya kazi. Haikuonekana. Akafungua tena.

Siku ya pili Mukandori alifika karakana bila beseni. Hapo Mukabera alijua kuna neno.

"Mama Ganza, mi nimekosea Mungu nini?" Alimsukumia simu. "Naangalia nyimbo za kwaya, sanduku. Naangalia bei ya vitunguu ku Goma, sanduku. Asubui hii naangalia namna ya kupunguza tumbo, sanduku. Ile nayo naelewa kidogo."

"Ulifungua blogu yangu."

"Kusoma neno."

"Na chini ya neno?"

"Chini nilipita tu."

"Ulipita kwenye gani?"

Mukandori aliangalia mafundi, akapunguza sauti. "Ile ya maua ya zahabu. Lakini si yangu. Nilikuwa nawaza juu ya mama-mukwe."

"Yeye anaumwa?"

"Iko muzima sana," Mukandori alisema kwa huzuni. "Njo tatizo."

Haikuwa kwake peke yake. Katika kikundi cha maombi kulikuwa na wanawake saba wanaofuatwa. Mmoja alikuwa amefunga siku mbili bila kula. Mwingine alibadilishana simu na mdogo wake, na sasa anaikodolea macho ile ya mdogo wake, akingoja sanduku litokee. Jumatano mchungaji aliongoza maombi maalumu dhidi ya roho ya mauti iliyoingia kwenye simu, na Mukabera alisimama katikati yao, macho amefumba, akaitikia amina kwa sauti ya kadiri, isiyozidi ya wengine wala kupungua.

Ajabu ni kwamba karakana ilianza kupata watu. Bwana mmoja wa ng'ambo aliagiza masanduku mawili ya libuyu, mbao ya bei, yenye vishikio vya shaba. Mwingine, aliyefuatwa siku tatu, alikuja mwenyewe akaagiza mlango, mlango wa kawaida wa jikoni, akiamini kwamba akinunua chochote kile kitu kitamwachia.

Ijumaa mchana Mukabera alimpigia Mwiza. Moyo wake haukutulia. Mwiza akasema kuzima ni dakika moja, aseme tu. Mukabera akaomba apewe muda wa kusali kwanza. Alipiga magoti kati ya mbao zilizorandwa, akamwomba Mungu ishara, na kabla hajasema amina simu ikaita: ni mtu wa Goma, wa sanduku la tatu. Akainuka, akajipangusa magoti, akamwandikia Mwiza: tuache mpaka Jumatatu. Aliona kwamba Mungu amejibu. Mungu, kwa upande wake, hakuwa amesema kitu.

Jumamosi saa tisa kasorobo alikuwa sebuleni kwa Sebagabo, kitambaa cheupe kichwani.

Katika nyumba ile kifo hakitajwi. Redio ikianza kutangaza waliofariki, Mzee anaizima. Karakana ya Mukabera anaiita "pale ku mbao", kama vile panatengenezwa viti. Na bado ni yeye aliyemtaka Mukabera aje kila Jumamosi kumsomea sala, kwa sababu sauti yake, alisema, haina haraka. Leo alikuwa kitini, blanketi magotini, miwani mipya puani. Chai ya maziwa ilikuwa mezani, na karibu na chai ile karatasi. Mzee alikuwa ametia sahihi tangu asubuhi, mkono ungali na nguvu. Mukabera akatia yake, jina lote, herufi kwa herufi.

Karangwa alikuja amenyoa, anapendeza, na kalamu yake mwenyewe. Aliweka simu mezani, akakaa, akaivuta karatasi.

"Bon," alisema. "Mama Ganza, leo unakuwa jirani wetu wa kweli."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Alifungua kalamu. Mukabera alitazama ncha ile ikishuka.

"Tuombe kwanza," Mzee alisema.

Ndiyo desturi ya nyumba ile, na ni desturi njema: jambo halifungwi bila maombi. Karangwa akanyanyua kalamu. Mukabera akatoa simu yake, akafungua programu ya sala, ile ya bure ambayo kikundi kizima wanaitumia.

"Leta hapa," Mzee alisema. "Leo nitasoma mi mwenyewe. Hii miwani haijaonyesha kazi yake."

Akaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Alisoma pole pole, kidole kikifuata mistari, na kwa kweli alisoma vizuri. Aliomba amani kwa nyumba, afya kwa waliomo. Akafika mwisho.

"Ee Bwana, karibu katika nyumba hii. Mlango uko wazi, na mtumishi wako anakungoja." Kidole kikateleza juu ya kioo. "Bado unafikiria? Tunakuja kupima nyumbani, bure."

"Amina," Karangwa alisema, macho yamefumba.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya blanketi, akaivaa tena.

"Hii si sala," alisema.

Karangwa alifumbua macho, akainama juu ya bega la baba yake. Kisha akasimama wima.

"Papa, ni sanduku. Sanduku ya pale kwake. Donc kila Jumamosi anakuja kukuombea, kumbe anakupima."

Kulikuwa na njia hapo, na ilikuwa pana. Mukabera angeweza kusema: nisamehe Mzee, simu zina wazimu wake siku hizi. Sebagabo alikuwa anatafuta kusamehe, ilionekana usoni. Mtu aliyeanza karatasi anapenda kuimaliza. Na kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Karangwa. Lakini neno lile, anakupima, lilimgusa mahali ambapo alikuwa msafi miaka yote. Amekaa na wagonjwa wangapi, na hajawahi kumtazama mmoja wao kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akakaa sawasawa kwenye kiti, akasema ukweli, na akausema wote.

"Hapana. Mi sijapima mutu. Ile tangazo inanifuata mimi, sababu mi njo nafungua blogu yangu kila asubui. Haifuatake mutu mwenye hakufungua. Mutu mwenye hakuangalia masanduku yangu hawezi kuiona, ata akae na simu mwaka muzima."

"Kweli?" Mzee aliuliza.

"Kweli ya Mungu, Mzee. Na inamuonyesha ile ile aliangalia, si ingine."

Mukabera ni mtu wa kuangalia. Kwa hiyo aliona: mkono wa Karangwa ulikwenda mezani, bila haraka, ukaigeuza simu yake kifudifudi karibu na kikombe. Ndipo akaelewa yeye mwenyewe alichokuwa amekisema. Lakini maji yalikwisha mwagika.

Sebagabo alifanya biashara miaka arobaini. Alikuwa na desturi ya kutoboa gunia kabla ya kuamini lebo. Akaomba simu yake mwenyewe, akaichezea, akafungua nyimbo, akafungua habari, akafungua bei ya maharage. Ilimtokea sabuni ya kufulia, ikamtokea tena.

"Mi niko safi," alisema, na alikuwa na furaha kidogo. "Karangwa, leta yako tuone."

"Chaji imeisha, Papa."

"Iliita wakati tunakunywa chai."

"Papa, nisaini tumalize. Katibu alisema anatungoja mpaka saa kumi tu."

"Mwache asaini, Mzee," Mukabera alisema upesi. "Ni ya kucheza tu, hizi simu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Viateur azikwe kwamba yeye na Karangwa walitaka kitu kimoja. Walitazamana juu ya karatasi kama watu waliobeba mzigo mmoja na kugundua kwamba kamba inakatika. Karangwa akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wake.

"Leta," Mzee alisema, na mkono wake ukabaki hewani, mkavu. Mkono wa baba hauachwi hewani. Karangwa akaiweka simu ndani yake.

Mzee alifungua habari za mpira. Hakuhitaji kutafuta. Sanduku lilikuja lenyewe, likajaza kioo: si la libuyu, si lile la maua ya zahabu. Lilikuwa la mwisho kabisa chini ya ukurasa, mbao za mkaratusi zisizopakwa vanishi, lile ambalo Viateur alilibuni kwa ajili ya maiti wasio na ndugu. Mukabera alilijua hata kwa kulitazama kichwa chini, kutoka upande wa pili wa meza. *Bado unafikiria?*

"Nilikuwa naangalia tu, Papa," Karangwa alisema. "Kila mutu anaangalia."

"Ya nani?"

Mzee alilivuta kwa vidole viwili, likawa kubwa. Akalisogeza upande wa kushoto, akalisogeza upande wa kulia, akitafuta kitu ubavuni mwake. Akageuza simu. Akarudi tena kushoto.

"Ata bishikio?" aliuliza pole pole. "Mwana wangu. Batanibebea wapi?"

Chai ilikuwa imefanya utando. Karatasi ilikuwa mezani, majina mawili na mstari mtupu, na juu ya mstari nukta ndogo ya wino pale kalamu ilipogusa. Karangwa aliitazama nukta ile. Akafunika kalamu yake, akaichomeka mfukoni mwa shati. Akachukua simu kutoka magotini pa baba yake, akavaa viatu mlangoni, kimoja, kingine, bila kufunga kamba, akatoka.